Nembo na Neno Lililomo Ndani Yake

Neno "nembo" siku hizi twalisikia kila mahali. Shule ina nembo, benki ina nembo, timu ya mpira ina nembo, na hata chama kidogo cha wanakijiji hakijihesabu kuwa chama kamili mpaka kiwe na muhuri wenye nembo. Lakini hapo kale nembo haikuwa picha ya karatasi. Ilikuwa alama iliyochanjwa usoni au mwilini, kama walivyofanya Wamakonde na Wamakua, ili mtu ajulikane ni wa watu gani. Mwenye nembo ile hakuweza kuivua jioni kama avuavyo kofia. Aliamka nayo, akasafiri nayo, akazikwa nayo. Basi neno lenyewe latufundisha kwamba nembo ni kitu cha kufikiriwa sana kabla ya kukitia, maana kikiisha kutiwa hakitoki upesi.

Twaandika haya kwa sababu ya jambo lililotokea katika kijiji chetu, huku kwenye miteremko ya Kilimanjaro. Chama chetu cha kufa na kuzikana kilitaka muhuri mpya, na mkutano ukaitwa ili kuchagua nembo. Vijana walileta picha ya simba mwenye taji, waliyoinakili katika kitabu kimoja cha Ulaya. Watu wakacheka, wakasema, "Simba huyu ni wa nani? Huku kwetu hatujamwona simba avaaye taji." Ndipo akina mama wakashauri litiwe jani la isale. Wengi wakapiga makofi, kwa kuwa hakuna Mchaga asiyelijua isale. Lakini mwinjilisti mmoja alisimama akauliza kama jani lile si la mizimu ya kale. Kabla hajajibiwa, mzee mmoja aliuliza swali lililo gumu zaidi. Alisema, "Wanangu, isale twalijua. Mtu akija mlangoni pako akiwa na isale, huwezi kumnyima msamaha. Je, chama kikiwa na isale katika muhuri wake, kitaweza tena kumfuta mjane aliyeshindwa kulipa ada?"

Nyumba nzima ilinyamaza, maana mwaka uliotangulia tulikuwa tumemfuta mmoja. Mkutano ukaahirishwa, nasi walimu tukaagizwa kutafuta habari za watu wengine waliokwisha kuchukua alama za wazee wao na kuzitia katika nembo za siku hizi. Tulitafuta, na mfano bora tulioupata ni wa watu wa Ghana, nchi iliyoitwa Pwani ya Dhahabu mpaka mwaka 1957.

Wazee wengi wa Afrika ya Mashariki walilijua jina la Dakta James Aggrey. Alizaliwa Anomabu katika Pwani ya Dhahabu mwaka 1875, akasoma na kufundisha Marekani, na mwaka 1924 alipita katika nchi zetu pamoja na tume ya Phelps-Stokes iliyochunguza habari za elimu. Yeye na Gavana Guggisberg na Padre Fraser ndio walioanzisha chuo cha Achimota, karibu na Accra, kilichofunguliwa rasmi mwezi wa Januari 1927. Aggrey mwenyewe alifariki mwezi wa Julai mwaka ule ule. Nembo ya Achimota ni vibao vya kinanda, vyeupe na vyeusi, nayo ilitokana na mafundisho yake. Alikuwa akisema kwamba ukipiga vibao vyeupe peke yake waweza kupata wimbo, na ukipiga vyeusi peke yake waweza kupata wimbo, lakini ukitaka sauti zipatane yakupasa kupiga vyote viwili. Alikusudia watu weupe na watu weusi.

Nembo hii ni njema, nasi hatuidharau. Neno lake laeleweka, na kila anayeiona aweza kuulizwa kama anaishi kwa neno hilo. Hata hivyo kinanda ni chombo cha kuletwa. Na katika nchi ile ile, kwa muda mrefu kabla ya Achimota kujengwa, Waakan, na hasa Waasante wa Kumasi, walikuwa na alama zao wenyewe, ambazo kila moja ilibeba methali. Alama hizo huitwa adinkra.

Adinkra kwanza ilikuwa nguo. Ilivaliwa hasa katika matanga na katika kuagana na wafu, na wengi wa Waakan hulieleza jina lake kwamba latoka katika maneno ya kuaga. Kazi ya kuitengeneza yajulikana sana katika mji wa Ntonso, karibu na Kumasi, hata leo. Fundi huchukua gome la mti uitwao badie, hulilowesha, hulitwanga na kulichemsha mpaka rangi yake iwe nzito na nyeusi. Kisha huchukua vipande vya kibuyu, huvichonga alama, huvitia vijiti vya kushikia, huvichovya katika rangi ile na kuvigandamiza juu ya nguo, safu kwa safu. Basi muhuri si kitu tulichofundishwa na ofisi za serikali tu. Fundi wa Kiasante alipiga mihuri kwa kibuyu tangu zamani.

Asili ya nguo hii yasimuliwa hivi. Palikuwa na mfalme wa Gyaman jina lake Kofi Adinkra, aliyewakasirisha Waasante. Mwaka 1818 Asantehene Osei Bonsu akampiga vita na kumshinda, na Waasante wakaichukua nguo yake pamoja na ufundi wake. Ni hadithi iliyoenea sana, lakini mwenye kupenda historia hupima hadithi kwa miaka. Mwaka 1817, yaani kabla ya vita vile, Mwingereza Thomas Edward Bowdich alifika Kumasi katika ujumbe, akapata nguo ya adinkra, nayo yangali imewekwa katika jumba la ukumbusho la British Museum huko London. Nguo nyingine ilipatikana Elmina mwaka 1825 kwa ajili ya mfalme wa Uholanzi. Kwa hiyo ufundi huu ulikuwako Kumasi kabla Kofi Adinkra hajashindwa. Hadithi yaweza kuwa na kweli ndani yake, lakini si kweli yote. Twalitaja jambo hili kwa sababu watu wakitafuta nembo ya kale hupenda kuipamba kwa hadithi nzuri kuliko ushahidi. Tusifanye hivyo. Alama ya wazee ina heshima ya kutosha pasipo kuongezewa.

Mwaka 1927, mwaka uliofunguliwa Achimota, Mwingereza mwingine, R. S. Rattray, alichapisha kitabu juu ya dini na sanaa ya Waasante, na ndani yake aliandika majina na maana za alama nyingi za adinkra. Kwetu Kilimanjaro twakumbuka kazi iliyofanana na hiyo. Bruno Gutmann, mmisionari wa Leipzig aliyefika Uchagani mwaka 1902, alitoa mwaka 1926 kitabu kikubwa juu ya sheria za Wachaga, katika Kijerumani. Hivyo kwa miaka miwili mfululizo mambo ya wazee wa pande mbili za Afrika yaliandikwa na wageni katika lugha za wageni. Twawashukuru, lakini twaona pia kwamba mwana wa nchi asiyeuliza babu yake atalazimika siku moja kumwuliza mgeni.

Sasa na tuziangalie alama chache. Iko inayoitwa sankofa, ndege ageuzaye kichwa nyuma huku miguu yake yaelekea mbele. Methali yake husema kwamba si mwiko kurudi kukitwaa ulichokisahau. Iko ya mamba wawili wenye tumbo moja. Hugombania chakula, na chakula kikiisha kumezwa chaenda mahali pamoja. Hapo sisi tungesema ulimi na meno hugombana nao wakaa nyumba moja, na Waakan nao wana alama ya meno na ulimi. Iko ngazi ya mauti, ambayo kila mtu ataipanda, tajiri na maskini. Na iko gye nyame, maana yake "isipokuwa Mungu", yaani hakuna awezaye yote ila Yeye. Hii hupendwa sana katika makanisa ya Ghana. Huchongwa katika viti na hufumwa katika vitambaa, wala Wakristo wa huko hawaoni aibu kwamba mababu zao waliipiga juu ya nguo za matanga. Walitazama neno lililomo ndani, wakaliona kuwa ni kweli, wakalichukua.

Tuje sasa kwenye nembo tuliyoagizwa kuitafuta. Mwaka 1948 chuo kikuu cha Pwani ya Dhahabu kilianzishwa, nacho kilianza kazi katika majengo ya Achimota kabla ya kuhamia kilima cha Legon. Mwaka 1961 kikawa Chuo Kikuu cha Ghana. Ngao yake haikufuata vibao vya kinanda. Ilichorwa na A. M. Opoku, msanii wa Kighana aliyejulikana baadaye kwa kazi yake ya ngoma za kwao. Juu ya ngao ya buluu aliweka alama tatu za aya zimesimama wima, na chini yake alama ya dwennimmen, zote kwa rangi ya dhahabu. Maneno ya ngao ni ya Kilatini, kama ilivyo desturi ya vyuo vya Ulaya, lakini picha ni za Waakan.

Msomaji asidhani ya kuwa aya hii ni aya ya kitabu. Katika lugha ya Waakan aya ni mmea wa jamii ya kangaga, umeao hata mahali pagumu palipo na udongo haba. Ni alama ya uvumilivu, na wengine hulieleza neno lenyewe kuwa ni kama mtu asemaye, "Sikuogopi." Dwennimmen ni pembe za kondoo dume. Kondoo dume ana nguvu, naye hupigana kwa ukali, lakini akipelekwa kuchinjwa huenda kwa upole. Tena Waakan husema kwamba kondoo dume hapigani kwa pembe zake, bali kwa moyo wake. Kwa hiyo alama hii ina maneno mawili pamoja, nguvu na unyenyekevu, na mtu hawezi kuchukua moja na kuliacha la pili.

Hebu tufikiri maana yake. Chuo kikuu ni mahali ambapo vijana hupata pembe. Hutoka pale wakiwa na elimu na vyeo, na watu wa vijijini huwapisha njiani. Msanii angeweza kuwachorea tai au simba, wakajiona wafalme. Yeye aliwapa mmea uotao pagumu na mnyama mwenye nguvu ajuaye kuinamisha kichwa. Kila mwaka wanafunzi huhitimu chini ya ngao ile. Kama msomi wa Legon akirudi kijijini na kumdharau shangazi yake asiyejua kusoma, hakuna haja ya kutafuta hakimu wa mbali. Ngao ya chuo chake yamhukumu. Hiyo ndiyo tofauti iliyopo kati ya nembo yenye neno na nembo ya pambo tupu. Simba mwenye taji katika muhuri wetu asingemhukumu mtu yeyote.

Lakini alama zikisafiri huhitaji uangalifu. Mwaka 1991, huko New York, watu waliokuwa wakijenga jengo la serikali waligundua makaburi ya Waafrika waliozikwa katika karne ya kumi na nane, wengi wao wakiwa watumwa. Juu ya kifuniko cha jeneza moja palikuwa na misumari iliyopangwa kwa mfano wa moyo, na wataalamu wengine wakasema ni sankofa, maana sankofa huandikwa pia kwa umbo la moyo. Mabaki ya watu 419 yalizikwa tena kwa heshima mwaka 2003, na alama ile ikawekwa katika ukumbusho wa mahali pale. Baadaye, mwaka 2010, mwanahistoria Erik Seeman alieleza ya kuwa umbo la moyo lilitiwa pia katika majeneza ya Waingereza wa zama zile, hivyo yawezekana ni moyo tu. Wajukuu wa watumwa, waliokatiliwa mbali na majina na lugha za babu zao, wamekubali sankofa kuwa alama yao, na hakuna awezaye kuwalaumu kwa kurudi kutwaa kilichopotea. Lakini jambo moja ni kusema, "Sisi leo twachagua alama hii," na jambo jingine ni kusema, "Aliyezikwa hapa ndiye aliyeichagua." La kwanza ni haki yetu, ila la pili lataka ushahidi.

Tena iko habari ya mwenye mali. Alama hizi leo hupigwa na mitambo ya nchi za mbali katika nguo na vikombe, na fundi wa Ntonso hapati kitu. Kwa hiyo sheria ya Ghana ya hakimiliki ya mwaka 2005 imeweka haki za sanaa za jadi mikononi mwa Rais wa nchi, kama amana kwa niaba ya watu. Watu wangali wakibishana kama sheria hiyo yamsaidia fundi au yamfunga, lakini jambo moja limekubaliwa, nalo ni kwamba alama ya wazee si kitu kilichookotwa njiani.

Tukirudi katika isale letu, twaweza sasa kumjibu mwinjilisti na mzee pia. Isale ni mmea wa majani marefu, ambao Wachaga huupanda kuwa mpaka wa kihamba. Jirani auonapo hujua ya kuwa shamba la mwenziwe laanzia pale, wala hang'oi. Na mtu aliyekosa, akitaka kupatana, hupeleka jani la isale kwa aliyemkosea, mara nyingi kwa mkono wa mtu wa heshima, na aliyepelekewa hukaa akasikiliza hata kama moyo wake unawaka. Ni kweli kwamba wazee walilipanda pia makaburini, na hapo ndipo mwinjilisti alipopata shaka yake. Twamjibu kwa mfano wa gye nyame kwamba tulitazame neno lililomo ndani. Isale husema maneno mawili, usivuke mpaka wa mwenzio, na usimnyime msamaha akuombaye. Kama maneno haya ni ya kipagani, basi na sala tuisalio kila siku tuiombe upya, maana ndani yake twaomba kusamehewa kama sisi tunavyosamehe.

Lakini swali la mzee halijibiwi kwa maneno. Wahenga walisema, ahadi ni deni. Nembo ichukuliwayo kwa wazee ni ahadi iliyokwisha kutolewa kabla hatujazaliwa, nasi tukiitia katika muhuri twajitia chini ya deni lake. Kila barua ya chama itatoka na jani la msamaha juu yake. Je, barua ya kumfuta mjane kwa ajili ya ada ya miezi minne ingepigwa muhuri wa namna gani?

Tuliposoma habari hizi mbele ya mkutano wa pili, hakuna aliyepiga makofi. Mwenyekiti aliuliza kama yuko mtu atakaye bado simba, na vijana wenyewe wakatikisa vichwa. Kisha mama mmoja akasema, "Mwalimu, kabla ya kumwita mchonga mihuri, mwiteni yule mliyemfuta." Neno hilo likakubaliwa na wote. Watu wawili wenye umri wakatumwa nyumbani kwa mjane yule, nao walichuma jani la isale mpakani wakaenda nalo. Wengi walishangaa, wakasema, "Si yeye aliyekosa? Mbona chama ndicho kipelekacho isale?" Mzee akawajibu, "Alikosa ada. Sisi tulikosa mtu."

Mjane alilipokea jani, na jina lake limerudishwa katika daftari. Ada yake italipwa kidogo kidogo, kama alivyoweza tangu mwanzo. Tena kanuni mpya imeandikwa, kwamba asifutwe mtu yeyote katika chama kabla ya kuitwa na kusikilizwa, na akiomba muda apewe. Baada ya hayo ndipo tulipoagiza muhuri.

Ndugu wasomaji, katika vijiji vyenu viko vyama vya akina mama, vya kahawa, vya kwaya na vya vijana, navyo vitataka nembo. Twawashauri mambo matatu. Kwanza, msinakili simba wa watu. Waulizeni wazee wenu, maana wengi wao wangali hai, nao wajua mambo yasiyoandikwa katika kitabu chochote. Pili, mkiambiwa maana ya alama, ipimeni kama mpimavyo fedha, wala msiongeze hadithi. Tatu, kabla ya kuipiga juu ya karatasi, tazameni kama liko jambo katika chama chenu linalopingana nayo, mkalitengeneze kwanza. Alama ya wazee huwashuhudia wanaoishika, na huwashuhudia vilevile wanaoivunja.